Kuchagua amplifaya ya hedifoni zenye omu chache

Hedifoni nyingi za leo zina impidansi ndogo (ukinzani wake kwa umeme wa sauti, unaopimwa kwa omu): omu 16, 32, 38, na mara chache huvuka 60. Sababu yake inaeleweka. Simu na kompyuta mpakato hutoa volti kidogo, na kwa volti hiyohiyo hedifoni zenye omu chache huvuta mkondo mwingi na hivyo kupata nguvu zaidi. Kutokana na hilo watu wamezoea kusema kwamba hedifoni za namna hii ni rahisi kuendesha na kwamba amplifaya yoyote itazifaa. Si kweli. Omu chache huidai amplifaya mambo ambayo omu nyingi haziidai, na amplifaya inayopendeza sana na hedifoni za omu 300 inaweza kuharibu kabisa sauti ya zile za omu 16.

Ushauri wangu ni kufuata mpangilio. Zijue hedifoni zako kwanza, kisha chunguza impidansi ya kutolea ya amplifaya, kisha mkondo, kisha mvumo (kelele yake ya chinichini) na geini (kiasi inachokuza). Idadi ya wati, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, si mahali pa kuanzia.

## Soma hedifoni kabla ya kusoma amplifaya

Kwenye maelezo ya hedifoni tafuta mambo matatu: impidansi, usikivu, na aina ya dreva zilizomo, yaani vipaza sauti vidogo vya ndani.

Usikivu ni kiasi cha sauti inayotoka hedifoni zikipewa kiasi fulani cha umeme, na hapa pana mtego. Watengenezaji wengine huandika desibeli kwa miliwati moja (dB/mW), wengine desibeli kwa volti moja (dB/V), na wengine huandika desibeli peke yake bila kutaja ni kwa kipimo gani cha umeme. Vipimo hivyo viwili havilingani. Kwa hedifoni za omu 32, namba ya dB/V huizidi ile ya dB/mW kwa desibeli 15. Kwa omu 16 tofauti ni 18, na kwa omu 300 ni 5 tu. Maana yake ni kwamba hedifoni za omu 32 zilizoandikwa 100 dB/V ni sawa na 85 dB/mW, na hizo ni nzito kweli kuendesha. Nyingine za omu hizohizo zenye 100 dB/mW zitatosheka na simu. Namba ni ileile kwenye boksi, ila mahitaji yametofautiana kwa zaidi ya mara 30 za nguvu. Ukitaka kugeuza mwenyewe kutoka dB/mW kwenda dB/V, ongeza 10 × log ya (1000 ÷ omu). Kama kizio hakikutajwa kabisa, tafuta vipimo vya mtu aliyezipima hedifoni hizo kwa vyombo. Usikisie.

Aina ya dreva ni muhimu kwa sababu "omu 32" ni wastani tu, au kipimo cha masafa mamoja, kwa kawaida hezi 1000. Katika masafa mengine impidansi inaweza kuwa tofauti sana.

Dreva za dainamiki, zenye koili na koni, huwa na kilele cha impidansi pale koni inapotikisika kwa urahisi zaidi, mara nyingi kati ya hezi 50 na 120. Hedifoni kubwa za omu 32 zinaweza kupanda hapo hadi mara mbili au zaidi ya namba yake. Dreva za planari, zenye utando bapa uliotandazwa kati ya sumaku, zina impidansi iliyonyooka karibu masafa yote. Umeme huziona kama rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya kawaida. Kisha kuna hedifoni za ndani ya sikio zenye dreva kadhaa za amecha (balanced armature, ambamo kipande chembamba cha chuma hutikiswa kwa sumaku), na hizi ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote: impidansi yake hupanda na kushuka kila dreva moja inapoipokea nyingine, na inaweza kuanza na omu 30 kwenye besi ikashuka hadi chini ya 10 kwenye sauti nyembamba. Za ndani ya sikio zenye dreva moja tu ya dainamiki kwa kawaida hazina tabia hiyo.

Hedifoni za bluetooth zina amplifaya yake ndani. Zikiwa zimewashwa, amplifaya ya nje haizisaidii chochote, hivyo mwongozo huu hauzihusu.

## Piga hesabu ya mahitaji yako

Chukua desibeli 110 kama kilele. Si kwamba utasikiliza muziki kwa 110, usithubutu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na msikilizaji makini hukaa chini ya hapo. Lakini muziki uliorekodiwa vizuri una mapigo ya ngoma na vilele vinavyoruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani, na wakati mwingine zaidi. Amplifaya yenye uwezo wa 110 huvipitisha vilele hivyo bila kuvikata, na bado inakuachia nafasi kwa rekodi zilizotengenezwa kwa sauti ya chini.

Hesabu yenyewe ni fupi. Toa usikivu (dB/mW) kutoka 110; jibu ni desibeli unazohitaji juu ya miliwati moja. Kila desibeli 10 ni mara 10 ya nguvu, na kila 3 ni mara 2. Ukishapata nguvu, volti ni kipeuo cha pili cha (wati × omu), yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata zao hilo. Na mkondo ni volti ÷ omu.

Chukua hedifoni za kawaida za omu 32 zenye 100 dB/mW. Zinahitaji miliwati 10, ambazo ni volti 0.57 na miliampea 18. Vifaa vingi vyenye tundu la hedifoni huzimudu.

Sasa HiFiMan HE-6, za planari, omu 50 na usikivu wa desibeli 83.5. Kwa omu hizo mtu angezidhania nyepesi. Zinataka miliwati 450, volti 4.7, na miliampea 95. Simu haifiki hata robo ya njia.

Upande wa pili kabisa wako Shure SE846, za ndani ya sikio, omu 9 na desibeli 114 kwa miliwati. Hizi hufika 110 kwa miliwati 0.4, yaani volti 0.06. Ukiziwekea amplifaya ya wati kadhaa, asilimia 99 na ushee ya uwezo wake haitatumika kamwe, na baadaye utaona kwamba uwezo huo wa ziada una gharama.

Kwa kulinganisha, hedifoni za omu 300 zenye 97 dB/mW hutaka volti 2.4 lakini miliampea 8 tu. Ndiyo tofauti ya msingi: omu nyingi hudai volti, omu chache hudai mkondo. Amplifaya inaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Ukimaliza hesabu hii, jiulize kama unahitaji amplifaya hata kidogo. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, toleo lisilo la Ulaya, hutoa takriban volti 1 kwa impidansi ya kutolea isiyozidi omu 1 hivi. Toleo la Ulaya limepunguzwa hadi karibu nusu volti. Kwa hedifoni zenye kuhitaji volti 0.57, hilo la volti 1 limekwisha kutosha, na ningekushauri uelekeze fedha zako kwenye hedifoni bora badala ya boksi jingine mezani.

## Impidansi ya kutolea ndiyo kipimo cha kwanza

Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani kwenye tundu la hedifoni. Huo ndio impidansi ya kutolea. Ukichomeka hedifoni, volti hugawanyika kati ya ukinzani huo na hedifoni zenyewe, na sehemu inayobaki ndani ya amplifaya hupotea bure. Upotevu peke yake si tatizo, kwani ungeongeza sauti kidogo na kuendelea. Tatizo ni kwamba mgawanyo hubadilika kila impidansi ya hedifoni inapobadilika. Penye omu nyingi hedifoni hupata fungu kubwa, penye omu chache hupata dogo, na matokeo yake ni kwamba amplifaya huibadilisha rangi ya sauti bila wewe kugusa kitufe chochote.

Weka namba tuone. Hedifoni za dainamiki zina omu 16 sehemu kubwa ya masafa na omu 60 kwenye kilele cha besi. Amplifaya yenye impidansi ya kutolea ya omu 1 itanyanyua besi hapo kwa desibeli 0.4, kiasi ambacho hutakitambua. Yenye omu 10 itainyanyua kwa desibeli 2.9, na hiyo ni besi iliyovimba inayosikika wazi. Yenye omu 120 itainyanyua kwa desibeli 9, na hapo hedifoni si zilezile ulizonunua.

Besi hiyo haiongezeki tu, hulegea pia. Koni ikisukumwa na pigo la ngoma hutaka kuendelea kucheza baada ya pigo kuisha, kama bembea iliyoachwa. Amplifaya yenye impidansi ndogo ya kutolea huufyonza umeme unaozalishwa na koili inapocheza na hivyo kuishika koni. Yenye impidansi kubwa huiacha.

Kwa dreva za amecha mambo hugeuka. Impidansi inayoshuka kwenye sauti nyembamba humaanisha kwamba sauti hizo ndizo zinazopunjwa. Hedifoni zenye omu 30 chini na omu 8 juu, zikiwekwa kwenye amplifaya ya omu 5, hupoteza karibu desibeli 3 za juu zikilinganishwa na besi. Matoazi hufifia na sauti ya mwimbaji huonekana imefunikwa kitambaa. Wengi huzilaumu hedifoni na kuziuza, kumbe kosa liko upande wa pili wa waya.

Kanuni inayotumika sana ni moja ya nane: impidansi ya kutolea isizidi omu za hedifoni ÷ 8. Kwa omu 32 ni omu 4, kwa omu 16 ni omu 2. Kanuni hii inafaa kwa dainamiki. Kwa amecha mimi naiona ni legevu, na nataka chini ya omu 1 bila mjadala, kwa sababu ile namba ya kwenye boksi haisemi impidansi hushuka hadi wapi. Kwa planari unaweza kuipuuza kwa usalama: impidansi yake ikiwa imenyooka, amplifaya ya omu 10 hupunguza kila masafa sawasawa na unachopoteza ni nguvu kidogo tu.

Utashangaa kwa nini kuna vifaa vyenye omu nyingi hivyo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kilitaja omu 120 kwa tundu la hedifoni, enzi ambayo hedifoni za mamia ya omu zilikuwa za kawaida, na urithi huo bado upo kwenye baadhi ya vifaa. Amplifaya za spika za sebuleni mara nyingi huchukua sauti ileile ya spika na kuipitisha kwenye rezista za mamia ya omu kabla haijafika kwenye tundu la hedifoni. Ni njia rahisi ya kulinda masikio, na ni mbaya kwa hedifoni za omu 16. Amplifaya za valvu (taa za kioo za kukuzia umeme, za mtindo wa zamani) zisizo na transfoma ya kutolea zina makumi ya omu, nyingine zaidi ya 100. Vifaa vya kurekodia vya USB navyo hutofautiana sana; vingine vinafika makumi ya omu, na watengenezaji wake hawalitangazi hilo.

Mtengenezaji anayejua amplifaya yake ina omu 0.1 huandika hivyo kwa fahari. Kipimo hiki kisipotajwa popote, mimi hulichukulia hilo kama taarifa, na kwa hedifoni za amecha ninaipita amplifaya hiyo mpaka nione imepimwa.

## Namna ya kuipima mwenyewe

Unahitaji multimita yenye kusoma volti za AC kwa desimali tatu, rezista ya omu 33 na plagi ya hedifoni yenye waya zilizo wazi. Rezista ya nusu wati inatosha.

Cheza mlio mmoja safi wa hezi 400 kutoka kwenye simu au kompyuta. Multimita nyingi za bei ya chini hupotoka kwenye masafa ya juu, kwa hiyo usipande hadi 1000 bila kujua uwezo wa yako. Pima volti kati ya waya wa chaneli moja na waya wa pamoja bila rezista, na rekebisha sauti upate volti 0.5 hivi. Usiguse tena sauti. Unganisha rezista kwenye waya hizohizo, soma volti mpya. Impidansi ya kutolea ni 33 × (volti ya kwanza ÷ volti ya pili − 1). Kwa mfano, 0.500 ikishuka hadi 0.470 jibu ni omu 2.1.

Rudia kwa hezi 50. Namba ikiruka juu sana kuliko ya hezi 400, kuna kapasita (kipande kinachohifadhi chaji na kuzuia masafa ya chini) kwenye njia ya kutolea, jambo la kawaida kwenye vifaa vya zamani na baadhi ya vifaa vya bei ndogo. Kapasita ya maikrofaradi 220 pamoja na hedifoni za omu 300 huanza kukata besi kwenye hezi 2.4, chini ya uwezo wa sikio. Pamoja na omu 16 huanza kukata kwenye hezi 45, na gitaa la besi litapungua nyama. Hii ni sababu nyingine ambayo watu hawaitambui kwa nini kifaa kilekile husifiwa na mmoja na kulaumiwa na mwingine.

## Mkondo, na namna ya kusoma jedwali la wati

Sasa wati zina nafasi yake, ila zisomwe pamoja na omu zake. "Wati 1" bila kutaja omu haina maana.

Tuseme amplifaya ina uwezo wa volti 7 na miliampea 100. Kwa omu 300 itafika volti 7 zote na kutoa miliwati 163, ikitumia miliampea 23 tu. Kwa omu 32 mkondo huisha kabla ya volti: miliampea 100 zinatoa volti 3.2, miliwati 320. Kwa omu 16 ni miliwati 160. Umeona nguvu imepanda kisha ikashuka. Jedwali la amplifaya likionyesha nguvu ikiendelea kukua kutoka omu 300 kwenda 32 kwenda 16, mkondo wake ni mwingi. Likionyesha inashuka kwenye omu 16, umeujua ukomo wake. Likitaja omu 300 na 32 tu, na wewe una hedifoni za 16, chukua nguvu ya omu 32 na ukadirie nusu yake.

Angalia pia kama namba ni ya kila chaneli au ya chaneli zote mbili kwa pamoja, na imepimwa kwa upotoshaji wa kiasi gani. Nguvu iliyopimwa kwa upotoshaji wa asilimia 10 ni nguvu ya sauti iliyokwisha kukwaruza.

Mkondo ukiisha, dalili yake haifanani na sauti ndogo. Sauti huwa kubwa ya kutosha, lakini pigo la ngoma hugonga kama kadibodi na sehemu zenye ala nyingi husongamana. Wenye planari nzito ndio wanaokutana na hali hii, na kwao nasema wazi: nunueni mkondo, mara mbili ya hesabu yenu kama mnaweza. Kwa wengine wote, ukishavuka hesabu yako ya 110, wati zilizobaki hazikupi kitu.

## Mvumo na geini

Hapa ndipo uwezo wa ziada unapodai gharama yake.

Kila amplifaya ina mvumo wa chini unaosikika kama "shhh" hata muziki ukiwa umesimama. Kwa hedifoni nzito hausikiki. Kwa nyepesi sana ni kero ya kudumu. Rudi kwa zile SE846: volti 0.06 huzalisha desibeli 110. Amplifaya yenye mvumo wa maikrovolti 10 itazalisha kelele ya desibeli 34 hivi sikioni, na kwa kuwa hedifoni hizo huziba sikio na kuzuia sauti za nje, utaisikia kila baina ya wimbo na wimbo. Yenye maikrovolti 2 itazalisha desibeli 20, na hiyo wengi hawaisikii. Tafuta namba hii kwenye maelezo. Wengine huiandika kama uwiano wa sauti na kelele, mfano dB 120, lakini uwiano huo hupimwa amplifaya ikiwa kwenye nguvu zake zote, mahali ambapo wewe hutafika. Mvumo wa maikrovolti ni kipimo cha kweli zaidi kwa hedifoni nyepesi.

Geini ni mara ngapi amplifaya inakuza volti inazopokea. Kigeuzi cha dijitali cha mezani (DAC, kinachogeuza data kuwa umeme wa sauti) hutoa volti 2 kwa kawaida. Hedifoni zako zikihitaji volti 0.06 kwa kilele, huhitaji kukuza chochote. Unahitaji kupunguza kwa desibeli 30, na kwa usikilizaji wa kawaida upunguze 30 nyingine zaidi ya hapo. Amplifaya yenye geini ya mara 5 hukulazimisha kuishi kwenye milimita chache za kwanza za kirungu cha sauti. Na huko mwanzoni ndiko potenshiomita za kawaida, yaani rezista zinazozungushwa na kirungu hicho, zinakokosa usawa: sikio la kushoto linasikia zaidi ya la kulia, ukiongeza kidogo zinalingana lakini sauti imekuwa kubwa mno.

Kwa hiyo tafuta amplifaya yenye swichi ya geini ambayo nafasi yake ya chini ni mara 1 au pungufu. Zile zenye sauti inayodhibitiwa kwa hatua, ama kwa rezista zilizopangwa ama kwa chipu ya kudhibiti sauti, hazina tatizo la kutolingana kwa masikio, na kwa mtu mwenye hedifoni za amecha mimi naliona hilo kuwa muhimu kuliko wati zote zilizobaki. Kupunguza sauti kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye amplifaya husaidia upate nafasi ya kuzungusha kirungu, ila hakupunguzi mvumo wa amplifaya yenyewe.

Vifaa vinavyotumia betri vina faida hapa. Havina mlio wa hezi 50 au 60 unaoingia kupitia umeme wa ukutani na waya wa kompyuta, na volti zake chache si upungufu kwako.

## Kama tayari unayo amplifaya isiyofaa

Kwa hedifoni nyepesi kuna tiba ya rezista mbili kwa kila chaneli. Weka ya omu 22 kwenye njia ya sauti, kisha ya omu 2.2 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa pamoja, na hedifoni zichomekwe sambamba na hiyo ndogo. Hedifoni sasa zinaona impidansi ya kutolea ya omu 2 hivi, hata kama amplifaya yenyewe ilikuwa na omu 10. Bado si ile chini ya omu 1 ninayoitaka kwa amecha, ila ni nafuu kubwa. Sauti hupungua kwa desibeli 21 au zaidi kidogo, na mvumo hupungua pamoja nayo. Vinauzwa pia vijiboksi vilivyotengenezwa tayari kwa kazi hii.

Usiifanye kwa planari nzito, kwa sababu utatupa nguvu unayoihitaji.

## Balansi na valvu

Tundu la balansi, yaani lisilo na waya wa pamoja kati ya chaneli mbili, liwe la 4.4 mm au XLR ya pini nne, hutoa takriban mara mbili ya volti. Pamoja na hilo, impidansi ya kutolea huongezeka mara mbili na mvumo mara nyingi hupanda. Kwa HE-6 na ndugu zake ni msaada wa kweli. Kwa hedifoni nyepesi za ndani ya sikio tundu la kawaida la amplifaya hiyohiyo mara nyingi ndilo tulivu zaidi.

Kama unapenda valvu, chagua zenye transfoma ya kutolea yenye nafasi ya omu chache, au zile ambazo valvu inakuza volti na transista ndizo zinazotoa mkondo. Zisizo na transfoma waachie wenye omu 300.

## Siku ya kuipokea

Fanya majaribio wakati bado unaruhusiwa kuirudisha. Kabla ya kuchomeka hedifoni, weka multimita kwenye volti za DC ndogo na upime tundu la hedifoni amplifaya ikiwa imewashwa bila muziki. Miliampea na volti za DC hazizalishi sauti. Huisukuma koni ikae upande mmoja na kuipasha koili joto, na kwa omu 16 volti chache tu huleta mkondo mkubwa. Milivolti chini ya 10 ni vizuri. Ikizidi 50, irudishe.

Washa na uzime mara chache ukiwa na hedifoni usizozijali, usikilize kama kuna mshindo. Amplifaya nzuri ina rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayochelewa sekunde kadhaa kabla ya kuunganisha hedifoni, na utaisikia ikibonya. Zenye mshindo mkubwa chomeka hedifoni baada ya kuwasha na uzichomoe kabla ya kuzima, kila siku bila kusahau.

Kisha vaa zile utakazozitumia, simamisha muziki, weka geini ya chini na uzungushe sauti kutoka mwanzo hadi pale unapoisikilizia kawaida, chumba kikiwa kimya. Ukisikia "shhh" hapo, utaendelea kuisikia. Mwisho cheza rekodi ya mono kwa sauti ya chini kabisa unayoitumia usiku. Mwimbaji asipokaa katikati ya kichwa, geuza hedifoni upande. Akibaki kwenye sikio lilelile tatizo ni la sikio lako, akihama pamoja nazo ni la hedifoni au la amplifaya. Hapo ongeza sauti kidogo: akirudi katikati ni potenshiomita, na una haki ya kudai nyingine.